Umerudi kwenye boti baada ya winta? Weka brashi chini kwanza

Kila mwezi wa nne naona kitu kilekile pale Aktio, ng'ambo ya Preveza huku Ugiriki, kwenye zile yadi ambapo mamia ya boti za tanga zinalala nchi kavu winta nzima. Watu wanashuka na mabegi yao, wamekaa mbali miezi mitano, hamu imewajaa, na kitu cha kwanza wanachoshika ni brashi ya rangi. Wanasugua, wanapaka, wanang'arisha ubavu mpaka unajiona ndani yake kama kioo. Wiki ya pili boti inashushwa majini, na ndo hapo mtu anagundua paipu ya choo ilikua na ufa.

Mimi nyumba yangu ni boti ya futi 34, ya faiba, imeundwa 1983. Kuanzia Aprili naishi ndani yake kwenye bahari ya Ionia, ikifika Novemba naipandisha nchi kavu nakwenda kwetu Mombasa kwa mamangu, namalizia kaskazi huko, Machi mwishoni narudi. Mwaka wa tatu nilifanya kosa hilohilo. Nilipaka rangi vizuri sana, nikashushwa, nikafunga kamba gatini, nikaenda kunywa kahawa. Niliporudi baada ya saa moja na nusu maji yalikua yamepita ngama (ile sehemu ya chini kabisa ndani ya boti), yamepita mbao za sakafu, magodoro ya chini yanaelea. Klipu moja ya paipu ya sinki ilikua imeliwa na kutu kwa upande wa nyuma ambao sikuugusa. Klipu ya bei ya chai. Ile siku sikulala, na mpaka leo nikifika boti naanza na chini.

Babu yangu alikua baharia wa jahazi na alikua hivohivo. Kusi ikishika sana vyombo vilikua vinavutwa ufukweni, na yeye kabla ya kuguswa deheni wala sifa, yale mafuta ya kupaka chombo, alikua analala chali chini ya chombo anapapasa mkuku (ule uti wa chini) na mbao moja moja, anatafuta kalafati ilolegea, ile pamba ya kuziba kati ya mbao. Rangi na mafuta ni mwisho. Kwa hiyo mpangilio nitakaokupa hapa ni huo huo: kwanza vinavyoweza kuizamisha, pili vinavyoweza kuichoma, halafu vinavyokufanya uende, na uzuri baadae.

KABLA HUJAPANDA NDEGE

Andikia yadi mapema uulize siku ya kreni, na angalia Pasaka ya Waorthodoksi iko lini manake huku kuanzia Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu ya Pasaka hakuna kreni, hakuna fundi, hakuna duka la vipuri. Na si Pasaka ya tarehe moja na ile ya makanisa ya kwetu kila mwaka, 2027 kwa mfano yao ni tarehe 2 Mei. Mimi nauliza siku ya kreni iwe angalau siku kumi baada ya kufika kwangu. Wenye pasi za nje ya Ulaya hesabuni zile siku 90 mnazoruhusiwa kukaa ndani ya kila 180 vizuri, usije ukamaliza siku ishirini kati ya hizo boti bado iko nchi kavu unasubiri kipuri. Na boti inayozidi mita 7 inalipiwa ule ushuru wa TEPAI wa kutembea kwenye maji ya Ugiriki, lipa kabla hujashuka majini, si baada.

Beba impela ya pampu ya maji (kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji), filta za dizeli na za oili, zinki (vile vipande vya madini vinavyoliwa na maji ya chumvi badala ya propela), klipu za chuma kisichoshika kutu saizi mbalimbali. Hivi vyote vinapatikana hapa lakini Aprili kila mtu anavitaka wiki moja.

Na usiku wa kwanza chukua chumba mjini. Najua unataka kulala kwako, najua. Lakini ukifika jioni, umechoka toka Athens masaa matano sita kwenye basi, giza linaingia, ndo utafungua gesi na kuwasha swichi bila kuangalia, na magodoro yenyewe pengine yamelowa. Nenda asubuhi.

KUZUNGUKA NA KUNUSA

Ukifika usipande. Zunguka boti mara mbili. Angalia yale magongo yanayoishikilia kama yamekaa sawa na minyororo yake imeunganishwa, ukiona limelegea mwite mtu wa yadi, usiliguse mwenyewe hata kidogo. Angalia kama kuna maji yanatoka kwenye maungio ya mkuku na tumbo, mstari wa kutu hapo ni habari. Angalia tundu la moshi la injini na matundu ya hewa, manyigu wanapenda sana kujenga humo, na ndege kwenye lile boriti la chini la tanga kuu. Halafu ngazi: ifunge kwa kamba juu kabla hujapanda na mzigo. Watu wanaumia kwa kuanguka toka boti ilo nchi kavu, ni mita tatu nne za kwenda kwenye zege.

Winta ya Ionia si theluji, ni mvua, na pepo za kusini zinaleta vumbi jekundu la Sahara, kwa hiyo juu utakuta tope limeziba matundu ya kutolea maji. Yazibue kwanza. Nishaona boti ambayo sehemu ya kukalia nyuma imejaa maji kama beseni na yameanza kuingia ndani kwenye injini.

Sasa fungua mlango, usiingie, nusa. Harufu ya ukungu ni kawaida. Harufu ya dizeli, fuatilia. Harufu ya mayai viza inaweza kua choo au betri ilokufa, usichaji chochote mpaka ujue ni ipi. Harufu ya gesi, toka, acha mlango wazi, usiwashe hata tochi, manake gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inashuka inakaa ngamani kama maji na cheche moja inatosha.

Ikiwa salama fungua kila kitu. Madirisha, makabati, mbao za sakafu zote juu, magodoro nje juani. Ukungu ufute kwa siki na maji, sio kwa kitambaa kikavu utaurusha hewani. Vyakula ulivyoviacha, tupa, usijadiliane navyo.

MATUNDU YALO CHINI YA MAJI

Hapa kaa siku nzima, na nakuomba usipaharakishe. Chukua karatasi, chora boti yako kwa juu, weka alama kila tundu linalopita kwenye tumbo: sinki, choo kuingia, choo kutoka, maji ya kupoza injini, matundu ya kutolea maji ya mvua, kipima kina, kipima mwendo. Yangu ni tisa. Kisha kila moja unafanya hivi.

Fungua na funga vali mara kumi. Ikiwa ngumu usiigonge nyundo, tia grisi kutoka nje kwa kijiti (sa hii boti iko nchi kavu, ndo raha yake) na mafuta ya kulegeza, subiri kesho. Kwaruza shaba kidogo kwa kisu uone rangi: ikiwa ya njano inang'aa nzuri, ikiwa ya pinki pinki kama nyama basi zinki imetoka ndani ya chuma na imebaki kitu kama biskuti, hiyo inabadilishwa sio mwezi ujao, ni kabla ya kreni. Shika paipu uitikise kwa nguvu zako zote, ndio, zote, bora ing'oke mkononi mwako nchi kavu. Pindisha uone nyufa. Klipu ziwe mbili kila mwisho pale ambapo kuna nafasi, na pitisha kidole kwa nyuma yake usipopaona, hapo ndo yangu ilipoliwa na kutu. Mwisho, kila vali iwe na kizibo cha mti laini cha saizi yake kimefungwa pembeni kwa uzi, ili usiku paipu ikikatika usianze kutafuta.

Shafti ya propela nayo ni tundu, tena kubwa. Kama ni ya mtindo wa zamani wa kamba yenye mafuta, iache, utaikaza ukishakua majini, matone machache kwa dakika shafti ikizunguka ni sawa. Kama ni ile ya mpira isiyodondosha, kumbuka kuwa ukishashuka majini lazima uibinye kwa vidole itoe hewa mpaka maji yatoke kidogo, la sivyo inazunguka kavu na kuungua. Tikisa propela juu chini, ikicheza sana bea imeisha. Tikisa usukani hivohivo.

Zinki zikiwa zimeliwa nusu badilisha. Chuma kiwe kinagusana na chuma, safisha mahali inapokaa, na usiipake rangi. Kila mwaka kuna mtu anaipaka rangi, na ikipakwa haifanyi kazi yake kabisa, kinacholiwa ni propela.

UMEME NA GESI

Swichi kuu ikiwa bado imezimwa, pima betri kwa maltimita. Ziwe zimetulia, si zimetoka kuchajiwa na sola. Betri ya asidi ikisoma 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 11.8 ilikua tupu na ikikaa hivo winta nzima pengine haitarudi tena. Ikiwa imevimba mbavu usiichaji, itoe. Safisha zile kutu za kijani kwenye vichwa, kaza, paka grisi. Alafu washa kimoja kimoja, taa, pampu, redio, unakaa dakika kidogo unasikiliza na kushika waya kama inapata joto.

Pampu ya ngama ipime kwa maji kweli, mwaga ndoo mbili za maji matamu ngamani uone kama kile kielea kinaiwasha chenyewe na inatoa nje. Kubonyeza swichi tu na kusikia mlio sio kupima. Nimekutana na pampu inayolia vizuri kabisa na paipu yake imetoka upande wa pili, inazungusha maji yaleyale.

Gesi: angalia tarehe ilochapwa kwenye mpira wake, ukiona umepita miaka mitano au una nyufa ndogondogo ukiupinda, badilisha. Fungua mtungi, paka povu la sabuni kila kiungo, mapovu yakikua kuna uvujaji. Usitumie kiberiti kutafuta gesi, nasema kwa sababu nimeona kwa macho yangu.

MAJI YA KUNYWA

Tangi limekaa miezi na pengine lina utelezi. Lijaze, tia jiki ya kawaida isiyo na manukato ya asilimia 5, kipimo ni mililita 1 kwa kila lita 1 ya tangi, yaani tangi la lita 200 unatia mililita 200. Fungua kila bomba mpaka unusie klorini ili ifike kwenye paipu zote, acha masaa manne hivi, mwaga yote, jaza tena, mwaga tena, mpaka harufu iishe. Kama tangi ni la aluminiamu usitie jiki, inalila, na hata la chuma cha pua usiache ikalala humo usiku.

Choo chenyewe kikiwa kigumu kupampu ni zile raba zimekauka, mafuta ya kula kijiko kimoja na pampu polepole.

INJINI

Dizeli kwanza. Tangi ulioacha nusu limetoa jasho winta yote kwa hiyo kuna maji chini yake, na kwenye mpaka wa maji na dizeli wanaota wadudu wanaofanya kama ute mweusi. Toa maji kwenye kile kikombe cha filta ya kwanza mpaka itoke dizeli safi. Ukiona ute mweusi usiwashe, tangi lisafishwe, manake huo ute ukitikiswa na mawimbi ya kwanza ndo unaziba filta, na unaziba ukiwa kwenye mlango wa bandari. Badilisha filta, toa hewa kwa ile skurubu ya juu huku unapampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe.

Kisha impela mpya. Ukiitoa ya zamani hesabu makoleo yake, likikosekana moja limeenda mbele kwenye paipu au kwenye kipoozeo, litafute, usiseme litatoka.

Oili, maji ya kupoza, mkanda. Halafu unaweza kuiwasha nchi kavu ukiwa umetia paipu ya maji ya kupoza ndani ya ndoo na mwenzako anajaza maji. Ikishika, kimbia nyuma uone maji yanatoka na moshi, ukikaa nusu dakika hakuna maji, zima. Ikiwa haishiki, usiendelee kusukuma starta tu. Kila ukisukuma pampu inavuta maji lakini hakuna moshi wa kuyasukuma nje, yanajaa kwenye lile boksi la moshi, yanarudi nyuma mpaka ndani ya silinda, na injini nzima inaharibika kwa tatizo lilokua la hewa tu kwenye dizeli. Ukishajaribu mara tatu nne, funga vali ya maji, tafuta kosa, ikishika ndo ufungue harakaharaka.

MLINGOTI, KAMBA NA TANGA

Panda juu, au mpandishe mtu unayemwamini, nchi kavu au majini, lakini siku isiyo na upepo. Pitisha kitambaa cha pamba kwenye kila waya toka juu hadi chini, penye uzi ulokatika kitanasa. Waya wenye uzi hata mmoja ulokatika unabadilishwa. Angalia nyufa pale waya unapoingia kwenye chuma, na pini zote ziko na zimepindwa. Kampuni nyingi za bima zinataka kujua umri wa nyaya, zikifika miaka kumi utaulizwa.

Henza, zile kamba za kupandishia tanga, kama ulizitoa na kuacha uzi mwembamba mahali pake, shona uzi na henza mwisho kwa mwisho, vuta polepole, ikikwama usivute kwa winchi. Kamba zilokaa nje ziloweke maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, zitalainika. Matanga yapandishe alfajiri kabla upepo haujaamka, huku kiangazi maistro inaanza mchana toka kaskazini magharibi, asubuhi ni shwari kabisa. Kagua mshono wa kile kitambaa cha kuzuia jua kwenye tanga la mbele, jua linakula uzi kabla ya nguo yenyewe.

Majaketi ya kuokolea yapulize kwa mdomo, yaache masaa 24 uone kama yamelala. Kile kichupa cha gesi kifungue, kipime kwenye mizani ya jikoni, uzito wake umeandikwa juu yake, kisha kikaze tena kwa mkono. Tarehe za fataki za kuomba msaada, za boya la satelaiti, za boti ya uokoaji, ziandike kwenye karatasi moja ubandike ukutani.

RANGI, NDIO, SASA

Rangi ya chini usiisugue kavu, vumbi lake ni sumu. Sugua na maji, vaa barakoa nzuri na glavu, tandika turubai. Paka mara mbili, na mara ya tatu kwenye ncha za mbele, usukani na mstari wa maji. Soma kopo ujue muda wa kusubiri kabla ya kushuka. Kama mguu wa propela ni wa aluminiamu usitumie rangi yenye shaba.

SIKU YA KRENI

Waambie watu wa kreni toka mwanzo kwamba boti ikishagusa maji unataka ibaki kwenye mikanda dakika kumi na tano. Hawatakasirika, wazuri wenyewe wanakuuliza. Paka rangi yale mabaka ya magongo ikiwa inaning'inia. Ikishashuka ruka ndani na ile karatasi yako ya matundu, tochi mkononi, kila vali, kila klipu, kidole kikavu unagusa, na shafti ile ya mpira uibinye. Fungua vali moja, angalia, nenda ya pili. Ndipo uwashe injini, uangalie maji ya moshi, uwaambie waachilie. Dafrao (yale maboya ya kukinga ubavu) ziwe tayari pande zote mbili na kamba nne, manake sehemu ya kutokea ni nyembamba na upepo wa ubavuni haukuulizi.

Usiende mbali. Funga karibu na yadi usiku wa kwanza, angalia ngama baada ya saa moja, baada ya masaa matatu, kabla ya kulala, na ukiamka kwenda haja usiku. Siku ya pili mimi naingia ndani ya ghuba ya Amvrakikos mpaka Vonitsa, masaa mawili hivi, maji yamefungwa na ardhi pande zote hakuna mawimbi ya maana, natweka matanga yote, nakwenda joshi kidogo, yaani karibu na upepo unakotoka, ili nyaya zikazike, nageuza upande wa pili. Nikitia nanga pale chini ya ile ngome ya Waveneti nakaza vile vikazio vya nyaya upya, nafungua sakafu tena naangalia ngama. Nakaa siku mbili tatu. Ikibaki kavu ndo nageuza omo kuelekea Lefkada kwenye mfereji, na magodoro yanakua yameshakauka kabisa.